Neva za Mtoto Huanza Kujengwa Kabla Mama Hajajua: Mazungumzo ya Afya kwa Wakazi

Mada ya leo ni mgongo wazi, yaani uti wa mgongo wa mtoto kutofungika vizuri akiwa tumboni. Wapo akina mama waliolaumiwa kwa sababu ya hali hii, wengine wakaambiwa ni laana. Si laana. Ni kazi ya seli iliyokwama mapema.

Ubongo na uti wa mgongo huanza kama ukanda bapa wa seli. Ukanda huo hujikunja ukawa mrija, na mrija hufungika kufikia siku ya 28 hivi baada ya mimba kutungwa. Kufikia hapo, akina mama wengi hawajajua kuwa ni wajawazito.

Kila seli ina utando wenye protini zinazofanya kazi kama milango. Baadhi hupitisha kalisiamu. Ndani ya seli iliyotulia, kalisiamu ni kidogo kuliko nje kwa karibu mara 10,000. Mlango ukifunguka huingia kwa kasi, na seli huipokea kama amri: kua, sogea au geuka. Ndivyo ncha ya neva changa inavyoongozwa njia. Protini nyingine hunasa foleti, kirutubishi ambacho seli huhitaji ili zigawanyike. Foleti ikipungua, mrija unaweza kubaki wazi.

Utafiti mkubwa uliochapishwa Uingereza mwaka 1991 ulihusu wanawake waliowahi kupata mimba yenye tatizo hili. Asidi ya foliki iliyoanzwa kabla ya mimba ilipunguza hatari ya kurudia kwa asilimia 72.

Kwa hivyo, mwanamke anayepanga kupata mimba anashauriwa kutumia mikrogramu 400 kila siku, kuanzia kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Aliyewahi kupata mtoto wa mgongo wazi, au anayetumia dawa za kifafa, amwone daktari mapema apangiwe kipimo chake. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Maharagwe, ndengu, kunde na mboga za kijani zina foleti. Tangu 2012, sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano wa pakiti uongezwe virutubishi, asidi ya foliki ikiwemo. Unga wa kusagisha mtaani mara nyingi haujaongezwa.

Mtoto akizaliwa na uvimbe au uwazi mgongoni, afikishwe hospitalini mara moja. Upasuaji wa mapema hupunguza hatari ya maambukizi.

Akina baba, mkipanga mtoto, fikeni kliniki pamoja na wake zenu.