Bima ya Afya kwa Wote: Fedha Iko Wapi?

(Mada iliyotolewa kwa vijana wa chama, Mzumbe, Morogoro)

Makamanda, najua wengine mna mitihani.

Tuanze na kadi iliyo mfukoni mwako. Mwanafunzi wa chuo analipa Sh 50,400 kwa mwaka, anatibiwa kwa kadi ya NHIF. Ukimaliza chuo, kadi nayo inakufa. Unarudi nyumbani, Mgeta au Kilosa, huna mwajiri wa kukukata asilimia 3 ya mshahara na kukuongezea 3 nyingine. Kuanzia hapo ukiumwa, ni mfuko wako. Au wa mama.

Ndiyo maana Novemba 2023, Bunge lilipopitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, mimi sikubeza. Watanzania wenye bima wakati huo walikuwa kama asilimia 15 tu. Ninachouliza ni fedha za hao wengine zinatoka wapi, na zinafika lini.

Sheria imetaja vyanzo vya kuwalipia wasio na uwezo: soda, pombe, vipodozi, michezo ya kubahatisha (wazee wa mkeka mnanielewa), bima za magari, miamala ya kielektroniki, na fungu la bajeti yenyewe. Orodha nzuri. Lakini hapa Mzumbe, ambapo watu wa serikali za mitaa wanafundishwa tangu 1953, sihitaji kueleza tofauti ya kutaja chanzo na fedha kuingia kwenye akaunti.

Tazameni bajeti iliyosomwa Juni 2025. Waziri wa Fedha alileta tozo mpya, ikiwemo Sh 10 kwa kila lita ya mafuta. Makusanyo yagawanywe: asilimia 70 kwa UKIMWI, 30 kwa bima ya afya kwa wote. Sipingi fedha ya UKIMWI, wafadhili wamejitoa na dawa lazima ziwepo. Ila jamani, mwaka mmoja na nusu baada ya sheria, bima ya nchi nzima ilikuwa bado inasubiri chenji ya tozo?

Na Serikali hiyo hiyo inadaiwa na NHIF. Ripoti ya CAG ya 2024 ilionyesha mfuko umepata hasara ya zaidi ya Sh bilioni 150 kwa mwaka mmoja, na kwamba kuna mikopo ya zaidi ya Sh bilioni 200 ambayo Serikali haijarejesha. Hizo ni fedha za michango. Mwalimu anakatwa kila mwezi bila kuulizwa, halafu anayekopa halipi! Machi 2024 mmeona hospitali binafsi zikigoma kupokea kadi za NHIF kwa sababu ya kitita kipya cha bei. Mfuko ukibanwa hubana bei, hospitali nazo hufunga mlango, na anayebaki nje ni mgonjwa.

Toto Afya Kadi ilikuwa hivyo hivyo. Mzazi alikuwa anamlipia mtoto mmoja Sh 50,400. Machi 2023 utaratibu wa kumsajili mtoto mmoja mmoja ukasitishwa, kwa maelezo kwamba wanaosajiliwa wengi ni watoto walio wagonjwa tayari. Hesabu hiyo naikubali. Kikoba ambacho kila anayejiunga anataka kukopa wiki hiyo hiyo hakifiki mwisho wa mwezi. Lakini dawa yake si kumfungia mtoto mgonjwa. Dawa ni wote waingie, wazima na wagonjwa, na asiyeweza alipiwe na Serikali Kuu.

Na wasioweza ni wengi. Mwaka 2022 tuliambiwa kaya ya watu sita italipa Sh 340,000. Mpelekee bei hiyo mkulima wa kabichi kule juu Mgeta, msimu ambao mvua imekata barabara na mzigo umeozea shambani. Hata zile Sh 30,000 za CHF zilimshinda.

Kwa hiyo tunapokutana na wabunge na madiwani, tusiishie kusema "tunataka bima". Tudai deni la NHIF lilipwe kwa ratiba inayotangazwa. Tudai asilimia ya kila chanzo isibadilike kila Juni. Na kila robo mwaka tuambiwe kiasi kilichotoka Hazina, siyo kilichopangwa. Diwani akisema hilo siyo la halmashauri, mwambie zahanati ya kata yake ndiyo inayokosa dawa.

Nimesema vya kutosha. Maswali sasa. Dada pale nyuma umenyoosha mkono kitambo, anza wewe.