Nani Alipe Ada ya Klabu Yetu ya Kompyuta?

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wahitimu, Buguruni, Dar es Salaam)



Nimeombwa niseme machache juu ya hoja iliyotugawa tangu mkutano uliopita. Je, klabu ya kompyuta tunayoiendesha kwa kujitolea kila Jumamosi hapa Buguruni itoze ada ya uanachama, au iendelee kuwa bure? Mimi ndiye mtunza hazina, kwa hiyo wengi wenu mnadhani mnajua nitasema nini. Nawaomba msubiri kidogo.

Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya mashine hizo kula fedha nyingi na kuvuruga hesabu. Marufuku ililegezwa baadaye, lakini sisi tuliomaliza kidato cha nne miaka ile tulitoka shuleni bila kuigusa kompyuta. Hata jina lake tulibishania: huyu tarakilishi, yule ngamizi. Wakati huohuo, tarehe 5 Machi 1975, huko California, Marekani, watu wapatao 30 walikutana katika gereji ya bwana mmoja, Gordon French, wakaanzisha klabu iliyokuja kuitwa Homebrew Computer Club. Walionyeshana mashine walizounda kwa mikono yao, wakagawana programu kama wakulima wanavyogawana mbegu. Steve Wozniak, aliyebuni kompyuta ya kwanza ya Apple, alikuwa miongoni mwao. Februari 1976 kijana Bill Gates akawaandikia wapenda kompyuta barua ya wazi, akilalamika kwamba wengi wao wananakili programu yake bila kulipa. Ugomvi wa nani alipe, basi, haukuanzia Buguruni.

Sasa nije kwenye hoja. Wanaotaka ada wanapendekeza shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kila mwanachama, mwanafunzi na mhitimu sawasawa. Gharama wanazozitaja ni za kweli. Programu hazitugharimu, maana tunatumia Linux. Na tangu mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walipotoa Jambo OpenOffice, tunajua kwamba hata programu ya ofisi inaweza kusema Kiswahili na ikatolewa bure. Lakini Luku haina bure. Bando halina bure. Feni ya kompyuta ikijaa vumbi la Barabara ya Mandela ikafa, hununuliwa nyingine.

Ninalolipinga ni lile neno lao la pili, kwamba cha bure hakithaminiwi. Yupo kijana wa kidato cha pili anayetembea kwa miguu kutoka Kwa Mnyamani. Kompyuta ikigoma kuwaka, yeye huchomoa kadi ya kumbukumbu, akaisugua meno yake kwa raba ya penseli, akairudisha, ikawaka. Tulipojaribu kutoza ada kwa mwezi mmoja, kijana huyo hakulalamika wala hakuomba asamehewe. Alikaa nje barazani akimsubiri mwenzake atoke amsimulie walichofundishwa. Tangu Januari 2016 elimu ya sekondari haina ada hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafutwa ya kidato cha tano na sita. Ada imeondolewa mlangoni mwa darasa; sisi wahitimu tuirudishe kwa mlango wa Jumamosi?

Hata hivyo, ndugu zangu mnaosema "tutachanga tukiguswa", nanyi siwaungi mkono. Kwenye harusi tunachanga kwa kadi na kwa tarehe, na kamati inapiga simu mpaka usiku. Klabu tunaiachia huruma. Tena mchango wa huruma una mwenyewe. Mmoja wetu alileta skrini nne, mwezi uliofuata akawa anapanga nani azikalie. Mwenye ada anauliza hesabu kwa haki yake, lakini aliyefadhiliwa anashukuru tu na kunyamaza. Sipendi vijana wetu wazoee kunyamaza.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Kila mhitimu mwenye kipato alipe ada ya lazima ya shilingi 10,000 kwa mwezi, akichelewa aandikwe. Mwanafunzi asilipe hata senti, lakini awe mwanachama kamili mwenye kura. Hesabu ya mwezi ibandikwe mlangoni ili kila mtu aisome.

Mzee mmoja ameniuliza, asiyelipa apigeje kura juu ya fedha? Nimemjibu kwamba anayezijua mashine hizo, ipi inasumbua na ipi ya kununuliwa kipuri, ni yule anayekaa nazo, siyo mimi ninayeshika kitabu cha risiti. Wengine wanataka mwanafunzi alipe kwa zamu za usafi na ukarabati. Zamu ni nzuri, lakini isiwe sharti la uanachama, maana wapo wanaowasaidia wazazi wao sokoni Buguruni siku ya Jumamosi. Kwa ajili ya hao naomba pia tufungue Jumapili alasiri. Ufunguo nitakaa nao mimi.

Ndugu Mwenyekiti, uniti za Luku zilizobaki zinatosha Jumamosi mbili. Daftari la ada liko kwa Katibu, na jina langu nimeliandika la kwanza. Naomba hoja ijadiliwe, na vijana waanze kusema.