Wikiendi Kigamboni, Umelala Garini

Msikilizaji, yapo magari yanayotembea na kitanda, jiko na tangi la maji. Wageni wanaozunguka Afrika nayo hupenda kupumzikia Kigamboni, iliyokuwa sehemu ya Temeke. Siku hizi hata vijana wa Kinondoni wanatandika godoro kwenye Noah na kuondoka Ijumaa jioni.

Kama gari ni refu, pita Daraja la Nyerere, lile la mita 680 lililofunguliwa mwaka 2016. Foleni ya pantoni pale Magogoni Jumamosi haina adabu. Na usiegeshe mchangani maji yakipwa, yatarudi.

Lakini leo hasa nataka kusema juu ya jiko. Usiku upepo unavuma, mtu anaingiza jiko la mkaa garini, anafunga vioo kwa ajili ya mbu. Makaa yamekolea, moshi hakuna, anadhani pamekuwa salama. Kumbe kaboni monoksaidi bado inatoka, na haina rangi wala harufu. Kichwa kinagonga, kichefuchefu, kisha usingizi usio na kuamka.

Jiko lilale nje. Mbu tumia chandarua. Ukimkuta mwenzio amelegea, mtoe nje kwenye hewa safi, mkimbize hospitali. Zimamoto na Uokoaji ni 114.