MAFUNZO YA WATUMISHI WA SERIKALI YASIISHIE DARASANI
Hotuba iliyosomwa mbele ya wafanya kazi, Isiolo



Sisi watu wa reli tumefika Isiolo kwa gari la barabara, maana reli yenyewe inakomea Nanyuki. Mradi wa bandari ya Lamu ulipozinduliwa mwaka 2012, tuliambiwa kwamba njia ya reli kutoka Lamu itafika hapa. Bandari ilianza kazi 2021, na lami imefika Moyale, lakini taruma hata moja halijalazwa Isiolo. Hatukuja kulalamika juu ya hilo. Twalitaja kwa sababu lafundisha kwamba mpango ni kitu kimoja, na kazi iliyokwisha fanyika ni kitu kingine, na katikati yake yupo mtu. Leo twataka kusema juu ya mtu huyo, yaani mtumishi wa serikali, na mafunzo anayopewa.

Septemba 2015 mataifa yalikubaliana huko New York juu ya Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu, yatimizwe ifikapo 2030. Ndani yake mna shabaha 169. Lengo la 1 ni kuondoa umaskini, la 6 ni maji safi, na la 8 ni kazi yenye heshima, nalo ndilo letu hasa sisi wa chama. Kenya imetoa taarifa yake mbele ya mataifa mwaka 2017, 2020 na 2024. Lakini ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 ilisema kwamba, kwa dunia nzima, ni asilimia 17 tu ya shabaha zilizopimwa zinazokwenda sawasawa. Treni imechelewa, ndugu zetu, na muda uliobaki si mwingi.

Mafunzo yenyewe si jambo geni katika nchi hii. Huko Kabete, mwaka 1925, ilianzishwa Shule ya Jeanes, iliyopewa jina la mama mmoja wa Marekani aliyeacha mali yake kwa ajili ya shule za watu weusi vijijini. Shule hiyo ilifundisha walimu wa kuzunguka vijijini, wakasaidie shule ndogo ndogo, afya na kilimo. Mwaka 1961 mahali hapo pakawa chuo cha kufundisha maofisa Waafrika, kwa sababu Uhuru ulikuwa mlangoni na viti vya wazungu vilitaka watu. Mwaka 2012, kwa sheria ya Bunge, chuo hicho kiliunganishwa na vyuo vingine vya serikali, kikaitwa Chuo cha Serikali cha Kenya. Kina matawi Mombasa, Matuga, Baringo na Embu. Basi vyumba vya kusomea tunavyo, na walimu tunao.

Sasa shida i wapi? Tuwape mfano wa kazi yetu. Kwenye reli, dereva hapewi treni kwa sababu ya cheti tu. Kwanza husafiri na mkongwe, ajue mteremko ulipo, kona ilipo, na daraja la kupita polepole. Hiyo twaita kujua njia. Hata cheti kikiwa kizuri namna gani, asiyejua njia atatuua sote.

Na njia ya Isiolo ni ngumu. Tuseme ofisa ametoka kwenye kozi, akasoma Lengo la 6, akaja na fedha za kuchimba kisima. Akichimba mahali ambapo wazee wa dedha wa Waborana wamepahifadhi kwa malisho ya kiangazi, mifugo itakaa hapo mwaka mzima, na majani yatakwisha kabla ya ukame kufika. Katika karatasi ataandika: Lengo la 6 limetimizwa. Lakini Lengo la 15, la kutunza ardhi, limevunjika, na Lengo la 2, la kuondoa njaa, litavunjika kiangazi kikija. Ninyi mliouona ukame wa 2020 hadi 2023, mvua ilipokosa kunyesha misimu mitano mfululizo, hamhitaji kuelezwa zaidi.

Tena Isiolo yenyewe imekwisha kuonyesha njia nyingine. Mfuko wa kaunti wa mabadiliko ya tabia nchi ulijaribiwa hapa kwanza, kabla ya kaunti nyingine. Watu wa kila wadi walichagua kamati yao, na kamati ikasema ni maji yapi yatengenezwe na malisho yapi yalindwe. Maofisa walikaa nao, wakajifunza kwa wazee, na wazee wakajifunza hesabu za serikali. Hayo pia ni mafunzo, ndugu, ingawa hayana cheti cha kutundika ukutani.

Tumeyaona pia ya namna nyingine. Siku moja baadhi yetu tuliitwa katika mkutano wa ofisi ambayo hatutaitaja. Ofisa alitoka semina, akasema kwa Kiingereza saa mbili, akatuonyesha picha za rangi za yale malengo 17. Mzee mmoja akauliza pampu ya maji iliyoharibika itatengenezwa lini. Akajibiwa kwamba swali hilo halimo katika ajenda. Tukatia sahihi karatasi ya mahudhurio, tukaenda zetu. Pengine sahihi zetu zilihesabiwa kuwa wananchi wameshirikishwa.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. La kwanza, kozi yo yote ya malengo haya imalizikie uwanjani, katika baraza, kwa lugha ambayo watu wa hapo waisikia. La pili, wasifundishwe wakubwa tu. Afisa mifugo wa Merti, muuguzi wa Garbatulla, mtunza pampu na chifu ndio wenye malengo mikononi, na wengi wao huona semina kwa mbali. La tatu, anayerudi kutoka kozi asimame mbele ya watu aseme amejifunza nini na atafanya nini, na baada ya mwaka aulizwe.

Lakini tusiwatupie wengine mawe na sisi tuna kosa lilo hilo. Ni wangapi kati yetu wametumwa na chama kwenye semina, wakapokea nauli na posho, wakarudi kimya? Tuanze sisi. Atakayetumwa alete habari tawini kabla ya mwezi kwisha. Tena Katiba ya 2010 yatupa haki ya kushiriki katika mipango na bajeti ya kaunti. Siku ikitangazwa, wafanya kazi tusikose, maana asiyekuwapo na lake halipo. Tuulize maji, tuulize mishahara ya vibarua wa kaunti, tuulize usalama kazini, na tuyaandike majibu.

Walimu wa Jeanes walikwenda vijijini kwa miguu na baiskeli. Ofisa wa leo ana gari. Tunamwomba tu ashuke.

Umoja ni nguvu.