Sweta Kuukuu na Haki ya Mfumaji



Tumeombwa kusema machache juu ya akina mama wafumaji wa sweta, wale wasionunua uzi mpya dukani kwa kuwa bei yake inawashinda. Wao huchagua sweta za mitumba, wakazifumua na kufuma upya. Kazi hii ina maarifa yake. Sweta ambayo mishono ya ubavuni imekatwa kwa mashine hutoa vipande vifupi vya uzi. Ya sufu iliyogandamana kwa kufuliwa kwa maji ya moto haifumuki. Uzi ukishafumuliwa huoshwa, kisha huanikwa ukiwa umefungiwa kitu kizito ili unyooke.

Mwaka 2020 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mitumba kwa hofu ya Korona, ikauruhusu tena mwezi Agosti. Kulinda afya ni wajibu wa serikali, hatulipingi hilo. Lakini marobota husafiri baharini kwa majuma kadhaa, na kirusi hicho hakidumu juu ya nguo muda wote huo. Ilitajwa pia nia ya kuinua viwanda vya nguo vya nchini. Ni jambo jema, ila ni hoja nyingine, nayo ilistahili kujadiliwa kwa jina lake.

Robota likiadimika, mwenye ghala aweza kungoja. Mfumaji hana akiba ya kungojea. Kwa hiyo twawaomba viongozi wa jumuiya ndogondogo: kanuni ya usalama ikitangazwa sokoni, ulizeni ni hatari gani inayozuiwa, itadumu hadi lini, na ni nani aliyeketi na wafumaji kabla ya kuiandika.