Amepona au Hajapona? Mashaka ya Kiafya katika Kuchagua Chipukizi wa NBA



Naomba nianze na drafti ya 2009, ambayo Watanzania tunaikumbuka kwa furaha. Tarehe 25 Juni mwaka huo, jijini New York, kijana wetu wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies. Kwa mada ya leo, tushuke katika orodha hiyohiyo hadi nafasi ya 37, tumkute DeJuan Blair.

Msimu ule Thabeet alikuwa Chuo Kikuu cha Connecticut, Blair yuko Pittsburgh, na wawili hao waligawana tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya Big East. Walipokutana Februari, Blair, aliyezidiwa urefu kwa karibu sentimita 20, aliondoka uwanjani na pointi 22 na ribaundi 23, na timu yake ikashinda. Iweje mmoja awe wa pili na mwingine wa 37? Urefu ulichangia, lakini palikuwa na magoti pia. Blair alifanyiwa upasuaji wa magoti yote mawili akiwa sekondari, na madaktari wa timu walipoyachunguza walikuta kano za ACL, zile ambazo kila mpenzi wa soka anazijua, hazipo tena. Hazikuwa zimechanika wala kulegea, zilikuwa zimetoweka. Goti la namna hiyo huweza kuyumba mchezaji anapogeuka ghafla, na gegedu lake huenda likalika kabla ya wakati.

Timu moja baada ya nyingine ilimruka, mpaka San Antonio Spurs wakamchukua. Msimu wake wa kwanza alicheza mechi zote 82. Januari 2010, dhidi ya Oklahoma City, alipata pointi 28 na ribaundi 21. Alidumu NBA misimu saba. Thabeet, ambaye maswali juu yake yalihusu mchezo wake na si magoti, Februari 2010 alishushwa kwenda ligi ya kukuza vipaji, na alimaliza miaka yake ya NBA kwa wastani wa pointi 2.2.

Sisemi madaktari walikosea. Hofu yao ilikuwa na msingi, na daktari yeyote aliyemo humu angeiandika vilevile. Ninachosema ni kwamba mashaka ya kiafya yana picha, yana ripoti na yana saini, ilhali mashaka kuhusu mikono mizito au usomaji hafifu wa mchezo hayana karatasi. Kwenye kikao cha uteuzi, chenye karatasi hupewa uzito maradufu, na kisicho na karatasi huhesabiwa kama hakipo. Ndipo watu wanapodhani wamekwepa hatari, kumbe wamechagua hatari nyingine wasiyoipima.

Darasa hilohilo la 2009 linatufundisha zaidi. Blake Griffin, aliyechaguliwa wa kwanza na Clippers, alipata ufa kwenye pia ya goti katika mechi ya mwisho ya maandalizi na akakosa msimu mzima, kisha akarudi na kuwa mchezaji bora chipukizi wa 2011. Stephen Curry, wa saba, alipasuliwa kifundo cha mguu 2011 na tena 2012. Mashaka juu ya kifundo hicho yaliingia moja kwa moja kwenye bei yake: Oktoba 2012 alisaini miaka minne kwa dola milioni 44. Kabla mkataba huo haujaisha alikuwa mchezaji bora wa ligi mara mbili.

Tatizo, kwa maoni yangu, liko kwenye swali tunalomuuliza daktari. Kiongozi wa timu anataka kujua, "Amepona au hajapona?" Daktari analazimika kuchagua neno moja, na ndani ya neno hilo elimu yake yote inapotea. Aulizwe badala yake tatizo hili limeonekana kwa wachezaji wangapi wa umbo kama hili, likirudi litarudi mwaka wa kwanza au wa nane, na likirudi linatibika au linamaliza kazi. Muda ndio unaosahaulika zaidi. Mchezaji wa raundi ya kwanza huhakikishiwa mshahara wa miaka miwili, na miaka miwili inayofuata timu huamua yenyewe. Kwa hiyo goti linaloweza kuchakaa mtu akifika miaka 30 halipaswi kumshusha kijana sawasawa na mguu unaoweza kuvunjika mwezi ujao. Tena Spurs walilipa bei ya raundi ya pili, isiyofungwa na dhamana hiyo. Kama Blair asingeweza kucheza, hasara yao ingekuwa ndogo.

Juu kabisa ya orodha hesabu ni ngumu zaidi. Portland walimchukua Greg Oden wa kwanza 2007, wakamwacha Kevin Durant. Kabla msimu haujaanza Oden alifanyiwa upasuaji wa kutoboa vitundu kwenye mfupa wa goti ili gegedu jipya liote, na jumla aliichezea Portland mechi 82 tu. Joel Embiid, Mkameruni, alivunjika mfupa wa navikula mguuni siku chache kabla ya drafti ya 2014. Mfupa huo hupata damu kidogo katikati, ndiyo maana hupona kwa shida. Philadelphia walimchukua wa tatu, akakaa nje misimu miwili mizima na kupasuliwa tena, na mwaka 2023 akawa mchezaji bora wa ligi. Philadelphia walikuwa wanajenga timu upya na walikuwa na muda wa kungoja. Kwa timu iliyotaka ubingwa mwaka uleule, mguu ule ungekuwa na thamani nyingine. Hata mwaka 2017, walipompa mkataba wa dola milioni 148, waliweka vifungu vya kujilinda iwapo majeraha ya zamani yangerudi.

Kisha kuna mchezaji mwenyewe. Sam Bowie alichaguliwa wa pili na Portland mwaka 1984, mbele ya Michael Jordan, baada ya uchunguzi wa karibu saa saba. Miaka mingi baadaye, kwenye filamu ya 2012, alieleza kwamba walipomgonga mguu aliwaambia hasikii maumivu, ingawa yalikuwepo. Siwezi kumlaumu kijana ambaye riziki ya familia yake ilikuwa kwenye jibu lile. Makubaliano ya ligi ya 2023 yameufanya uchunguzi kuwa wa lazima kwa wanaoalikwa kwenye kambi ya vipimo kabla ya drafti, na nayaunga mkono, lakini hakuna kanuni inayoweza kupima maumivu yaliyofichwa.

Liko jambo moja ambalo halifai kuingia kwenye mizani hii. Mwaka uleule wa Embiid, vipimo vya kabla ya drafti vilionyesha kwamba Isaiah Austin wa Baylor ana ugonjwa wa Marfan, unaoweza kupanua mshipa mkuu wa damu hadi upasuke. Alizuiwa kucheza, na usiku wa drafti kamishna Adam Silver alimwita jukwaani kwa heshima. Mwishoni mwa 2016 alipata kibali cha daktari, akaenda kucheza nje ya Marekani. Hata zuio lile, kumbe, lilikuwa na mashaka ndani yake, lakini lilikuwa sahihi siku lilipotolewa.

Napendekeza vilabu na vituo vyetu vya vijana viwe na fomu mbili. Ya moyo na mishipa ijazwe na daktari asiyelipwa na klabu, ajibu ndiyo au hapana, na kocha asiwe na uwezo wa kulipinga jibu hilo. Ya mifupa na viungo isiwe na ndiyo wala hapana. Iwe na nafasi ya kutosha kwa daktari kueleza anachokijua, asichokijua, na ni lini mchezaji apimwe tena.