Bahari na Mbebe Wapi na Wapi?

Malori mnayoyaona Tunduma yanatoka bandarini Dar es Salaam, kwa hiyo bahari inatuhusu.

Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 hauruhusu nchi kujichagulia vifungu kama mchele sokoni. Tamko linaruhusiwa. Tulipouridhia, Septemba 1985, tulitamka kwamba migogoro yetu juu yake iamuliwe na Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari. Mahakama yenyewe ilikuwa bado kuzaliwa! Majaji waliapishwa Hamburg 1996, Ndugu Joseph Warioba akiwamo.

Kenya, mwaka 2017, ilitamka kwamba mashauri ya mipaka ya bahari isishtakiwe. Tamko letu la 1985 halina kinga hiyo. Tukishtakiwa, lazima twende na wanasheria wetu. Wangapi hapa mnasoma sheria?